Wingu la Saa Tisa na Wasichana wa Division Nne

Mercy na Kirui, siku ya kuniaga kazini mlinipa mwavuli. Niliwashukuru, nikacheka pamoja na wengine, kisha nikaufikisha nyumbani na kuuweka nyuma ya mlango, na huko ndiko uliko mpaka leo. Una ncha ya chuma. Mtu aliyefanya kazi yangu hawezi kupita kwenye majani chai ameinua chuma juu ya kichwa, hata kama kimechorwa maua. Nawaambia haya mapema ili mjue anayewaandikia ni mwoga. Mashine mpya mliyoletewa inapima mvua, upepo na joto bila kuguswa na mtu, na nasikia inatuma habari zake yenyewe mpaka Kericho. Sina neno nayo. Ila haiogopi, na kazi hii mimi nilifundishwa kwa kuogopa.

Nilikuja shambani kutoka Boito nikiwa nimeolewa juzi tu, nikapewa kikapu na mstari wangu wa kuchuma kama kila mtu. Nilikuwa mchumaji wa hivi hivi. Vidole vilikuwa vyepesi, lakini shingo ilikuwa haitulii, maana kila baada ya muda nilitazama juu. Nyumbani kwetu nilipokuwa mdogo, ng'ombe watatu wa jirani walisimama kando ya ua wa waya wakati wa mvua. Radi ilipiga mti ulio mbali nao kabisa, ikafuata waya. Tuliwakuta wamelala kwa mstari, mmoja bado ana nyasi mdomoni. Nyanya yangu, mvua ya mawe ikianza, alikuwa akitupa shoka nje ya mlango, makali yakiangalia juu, akimwomba Ilat, mwenye ngurumo, anyamaze. Kanisani tuliambiwa tuache mambo hayo na nyanya akaacha. Mimi nilibaki sina shoka wala utulivu.

Mpima mvua wa wakati huo alikuwa Mzee Ombati, mtu wa Kisii, mrefu, mwenye koti moja la kijivu alilolivaa jua na mvua. Siku moja alisimama mwisho wa mstari wangu.

"Wewe mama, kila siku nakuona unaangalia juu. Unatafuta nini?"

"Naogopa radi, Mzee."

"Sawa. Kesho asubuhi ukuje kwa ofisi yangu. Uache hiyo kikapu."

Ofisi yake ilikuwa kipande cha nyasi kilichozungushiwa seng'enge karibu na uwanja wa mpira. Ndani mlikuwa na kipimamvua cha shaba kilichofukiwa nusu ardhini, kisanduku cheupe cha vipimajoto kilichosimama kwa miguu minne, na ubao wa mawe. Huo ubao ninyi hamkuukuta. Ulikuwa sponji iliyofunikwa karatasi ya fedha, ile ya kufungia chakula. Mvua ya mawe ikipita, unahesabu mabonde yaliyoachwa kwenye karatasi na kupima upana wa kila moja kwa rula. Siku yangu ya kwanza nilihesabu mabonde hadi macho yakaingia maji, na Mzee akayahesabu tena nyuma yangu, akapata mawili zaidi. Alisema, "Hayo mawili yamevunja majani ya mtu." Tukarudia pamoja.

Kila siku saa tatu asubuhi tulimwaga maji ya kipimamvua kwenye gilasi, tukapiga magoti ili jicho liwe sawa na maji, tukaandika. Saa tisa alasiri tulisoma vipimajoto na kutazama mawingu. Hiyo ndiyo saa yenyewe. Mnajua ninyi pia kwamba hapa kwetu asubuhi hudanganya. Jua huwaka mpaka watu wanaanika nguo, halafu kufikia saa nane wingu linasimama upande wa msitu, jeupe juu, tumbo jeusi, na kufikia saa tisa halina mzaha na mtu.

Kazi kubwa ilikuwa king'ora. Kanuni ilikuwa fupi. Ukiona mwako wa radi, anza kuhesabu hadi usikie ngurumo. Ukisikia kabla ya thelathini, piga king'ora, watu wote watoke shambani, na usiulize mtu. Ila mtu mwenye hofu huhesabu ovyo, kwa hiyo Mzee alitufundisha kuweka neno kati ya namba: Kapkatet moja, Kapkatet mbili, Kapkatet tatu. Nilimuuliza kwa nini Kapkatet. Alisema ni jina linalochukua nafasi yake mdomoni, halikubali kuharakishwa. Tena huko ndiko kwenye hospitali, na ukikosea hesabu ndiko utakakompeleka mtu. Wachumaji wote waliijua hesabu hiyo. Radi ikimulika ungesikia shamba zima likinong'ona Kapkatet, Kapkatet, kama watu wanaosali.

Mzee alipostaafu, mwezi wa kwanza peke yangu nilipiga king'ora wakati jua linawaka. Nilikuwa nimeona mwako nyuma ya kilima, nikahesabu ishirini na sita. Wachumaji walitoka mbio wakaacha majani. Halafu hakuna kilichokuja. Hata tone. Supavaisa aliandika dakika zilizopotea mbele ya macho yangu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kutukanwa. Kwa wiki mbili watu walinipigia kelele kutoka mistarini, "Mama Mvua, leo tuanike blanketi?" Nilicheka nao. Moyoni niliumia, na ningetaka kusema kwamba maumivu hayo hayakubadilisha kitu chochote katika kazi yangu. Yalibadilisha. Tangu siku hiyo, kila niliposhika swichi, nilikuwa pia nasikia kile kicheko.

Sasa nije kwa wasichana, maana najua ndicho mlichotaka kuuliza siku zote mlipoona lile daftari langu la mvua.

Uwanja wa mpira ulikuwa hatua thelathini kutoka kwenye vipimo vyangu. Mwalimu Rotich, aliyekuwa fundi wa matrekta na aliitwa mwalimu kwa sababu tu ya filimbi, alianzisha timu ya wasichana wa Division Nne, sehemu yetu ya shamba, mabinti wa wachumaji, wa miaka kumi na moja na kumi na mbili. Walifanya mazoezi baada ya shule. Mimi nilikuwa nimemaliza kusoma vipimo, na nyumbani hapakuwa na haraka. Nilianza kutazama nikiwa nimesimama, halafu nikaleta kigoda, halafu nikaanza kuandika. Daftari la mvua lilikuwa na kurasa tupu nyuma. Mbele mvua, nyuma wasichana.

Sijawahi kuwa shabiki wa timu kubwa za kwenye televisheni. Wale wamekwisha kuwa walivyo. Mimi nilitaka kuona kitu kabla hakijakuwa. Niliandika nani ameongeza mbio, nani ameanza kuinua kichwa kabla ya kupiga pasi, nani amepata viatu. Kuhusu Chelang'at niliandika kurasa nyingi kuliko wengine wote. Ukurasa wa kwanza unasema: mguu wa kushoto, mwembamba, hulia akikosa, lakini hukimbia akilia. Miaka minne baadaye alikuwa halii tena na hakuna beki katika division zote aliyetaka kubaki naye peke yake kando ya mstari.

Shabiki wa timu kubwa huogopa kufungwa. Shabiki wa watoto huogopa kila kitu. Niliogopa goti la Chelang'at. Niliogopa baba yake asije akahamishiwa shamba lingine. Niliogopa wavulana wa bodaboda waliosimama karibu na lango. Nilikuwa na watoto wangu wanne, na ninakiri hapa, Mungu anisamehe, kwamba kuna siku nilijua kidonda cha mguu wa Chelang'at kiko wapi na sikujua Kiprono wangu alikuwa na mtihani gani.

Walikuwa kumi na moja uwanjani, bila shaka. Wengine niliwaandika mara moja moja. Beki wa kushoto, kwa mfano, miaka yote minne hana jina kwenye daftari langu. Nimeandika "beki wa kushoto ametoa mpira nje", "beki wa kushoto amechelewa". Alikuwa Naomi, binti ya mchumaji mmoja mkimya, Mama Naomi, aliyetoka upande wa Kisii kama Mzee Ombati. Nilimjua kwa sura, na mama yake tulisalimiana. Sikuona cha kuandika.

Jumapili moja baada ya kanisa walicheza na Division Saba. Mwalimu Rotich alikuwa amemwalika mwalimu wa kike wa shule moja ya bweni yenye timu nzuri ya wasichana, mbali kidogo, na mwalimu huyo alikuwa na nafasi kwa msichana mmoja, labda wawili. Alikuja siku hiyo tu, akasimama kando ya mstari na kijitabu. Wasichana wote walijua. Nadhani hata ng'ombe walijua.

Kipindi cha kwanza Chelang'at hakugusa mpira mara tano. Division Saba waliuwekea mguu wake wa kushoto wasichana wawili, na alianza kuinamisha kichwa kama zamani. Nilisimama nikiwa na ufunguo wa kisanduku cha king'ora mfukoni, kwa sababu Jumapili ofisi ilifungwa na ufunguo ulibaki kwangu. Wingu lilikuwa limesimama upande wa msitu tangu saa nane. Nililiona. Nataka mjue kwamba nililiona vizuri. Tumbo lilikuwa la rangi ile ya jiwe la kunolea kisu.

Kipindi cha pili mchezo ulibadilika. Chelang'at aliacha kungoja mpira pembeni, akaingia katikati kuutafuta mwenyewe. Aliwapita wawili, akapiga, mlinda lango akautema. Akarudi tena. Yule mwalimu wa bweni aliinua kijitabu na kuandika, na mimi nikasogea hadi kwenye mstari kwa furaha. Zilibaki dakika kama kumi.

Ndipo radi ikamulika.

Mchezo haukusimama, ila macho ya Mwalimu Rotich yalinitafuta. Nilianza kuhesabu. Nilihesabu kwa sauti ya chini, midomo ikicheza, kama nilivyofanya miaka yote. Ila nilihesabu hivi: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kapkatet sikuiweka. Sikuamua kuiacha. Ulimi ulikimbia wenyewe mahali moyo ulipotaka kufika, na nilijua unakimbia, na sikuuzuia. Ngurumo ilipofika nilikuwa thelathini na tatu.

"Mama Mvua, tuendelee ama tuache?"

"Iko mbali. Endeleeni."

Mashabiki wakapiga makofi. Walinipigia makofi mimi. Hakuna aliyeniuliza kuhusu blanketi siku hiyo.

Mpira ulitoka nje kwenye kona ya chini, kwenye miti mikubwa ya mgrevilea iliyopandwa kando ya waya. Naomi alikimbia kuuchukua ili arushe. Niliona akiinama. Sikumbuki sauti. Watu wengine wanasema ulikuwa mlio kama wa ukuta kuanguka, mimi nakumbuka weupe tu na ladha ya chuma mdomoni, na mgrevilea umechanika kutoka juu hadi chini. Wasichana wote walikuwa chini. Halafu mmoja akainuka, na mwingine, na Chelang'at akainuka, na naona aibu kuandika kwamba nilimtafuta yeye kwanza. Naomi hakuinuka.

Nilikimbia. Zahanati ya shamba ilikuwa imetufundisha kufufua mtu, na katika miaka yote hiyo nilikuwa nimefanya kwa godoro tu. Hakuwa akipumua. Mdomo ulikuwa na rangi ya majivu na kiatu kimoja kilikuwa kimetoka. Nikaweka mikono kifuani mwake na kubonyeza, na nilikuwa nalia na kuhesabu, na mara hii nilihesabu sawasawa kwa sababu nilikuwa na hofu ya Mungu mwenyewe. Mawe ya mvua yakaanza kutupiga mgongoni. Mama Naomi alikuwa amepiga magoti upande wa pili, ameshika kile kiatu. Hakupiga kelele. Alinitazama mikono tu.

Naomi alivuta pumzi. Ilikuwa pumzi mbaya, ya kukwaruza, lakini ilikuwa yake. Wakamweka nyuma ya pikapu na kumkimbiza hospitali, na mimi nikabaki nimekaa kwenye nyasi zilizojaa mawe meupe, nikitetemeka mpaka meno yanagongana. Watu walinifunika makoti. Walisema, "Mama Mvua amemwokoa mtoto."

Aliishi. Sikio la kushoto halikurudi, na mkono mmoja hufa ganzi kukiwa na baridi. Hakucheza tena. Kanisani ilifanywa ibada ya shukrani, nikaitwa mbele, mchungaji akaniwekea mkono. Shamba lilinipa cheti ndani ya fremu. Niliweka kile cheti chini ya godoro, kikavunjika kioo, nikakiacha huko huko. Usiku nililala vizuri, lakini mchana, kila saa tisa, hofu ilirudi. Niliogopa wingu kama zamani, na sasa niliogopa pia kwamba mtu angeniuliza, "Ulihesabu ngapi?" Hakuna aliyeuliza. Mtu aliyepewa cheti haulizwi.

Chelang'at alipata ile nafasi. Naambiwa anacheza vizuri sana, na yule mwalimu amemwambia anaweza kufika mbali. Amewahi kunitumia salamu niende nimwone. Sijaenda. Kurasa za nyuma za daftari ziliishia Jumapili ile.

Niliendelea na kazi miaka miwili mingine, na ninyi wawili mlinikuta humo. Mlikuwa mkinicheka kwa kupiga king'ora nikihesabu arobaini, hamsini. Supavaisa alinilalamikia. Mlidhani ni uzee. Sasa mnajua. Na kama kuna kitu cha kuchukua kwangu, chukueni hiki: siku itakapokuwa vigumu kupiga king'ora, hakutakuwa na mtu uwanjani wa kuwasaidia kuamua, kwa sababu kila mtu atakuwa anataka mchezo uendelee, na ninyi mkiwa wa kwanza.

Wiki moja baada ya kuniaga nilifunga safari kwenda kwa Mama Naomi. Bado anaishi kwenye nyumba za shamba, mstari wa chini. Nilibeba sukari na mkate. Naomi alikuwa ndani, ameketi karibu na jiko akimenya viazi, ametugeuzia mgongo nusu, sikio la kushoto likiwa upande wetu. Amekuwa mwanamke. Alinisalimia kwa mikono miwili, akarudi kwenye viazi vyake.

Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Nilipokaa nikaanzia mwisho.

"Mama Naomi, ile siku nilihesabu vibaya," nikanong'ona.

Alinimiminia chai. "Kunywa kwanza."

"Sikuweka Kapkatet. Nilikimbiza hesabu. Nilitaka Chelang'at amalize."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nyuma yako. Nilikusikia, moja mbili tatu nne, mbio mbio."

Nilikiweka kikombe chini. Nilikuwa nimekuja nikiogopa hasira yake. Sikuwa nimejiandaa kwa jambo hili.

"Ulisikia? Na hukusema?"

Alitazama mlangoni. Nje jua lilikuwa linawaka.

"Mimi pia nilihesabu," akasema. "Vile Mzee Ombati alitufunza. Nilipata kumi na nane." Akafuta meza na kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Lakini Naomi alikuwa ametoka tu kunyang'anya mpira yule msichana wao mkubwa. Hukuona, wewe ulikuwa unaangalia mbele. Na yule mwalimu akaandika kitu. Nilimwona na macho yangu akiandika. Miaka minne hakuna mtu amewahi kuandika kitu juu ya mtoto wangu. Nikasema, dakika kumi tu."

Hofu iliyonishika ilikuwa ya aina nyingine, ya kujua kwamba tulikuwa wawili pale, na pengine zaidi ya wawili, kila mmoja na hesabu yake iliyo sawa kichwani.

"Naomi umemwambia?" niliuliza.

"Hapana. Na wewe?"

"Hapana."

Naomi aliacha kisu, akageuza shingo. Akaona midomo yetu ikicheza.

"Mnaongea nini nyinyi wawili?"

"Mambo ya mvua tu," mama yake akasema haraka.

Naomi akatabasamu kidogo, akarudi kwenye viazi. Niliinuka, nikachukua kigoda nilichokalia, nikazunguka jiko, nikakaa kulia kwake, upande unaosikia.